Jezi ya Fredrick

Dada Felicitas, shikamoo.

Mie mzima, bado nafagia uwanja wa basketi pale chuoni Chanika. Nimeandika kwa sababu kwenye simu naonaga aibu. Mvua zimeanza, mihogo ya mama mwenye nyumba imependeza kweli.

Timu ya chuo msimu huu ina kazi. Ligi ya vyuo imekuwa ngumu, mechi nne wamefungwa tatu, na Fredrick, mrefu wao, kavunjika mguu. Wiki iliyopita kocha akanikuta asubuhi narusha mpira peke yangu. Akanipima kwa macho, akasema, "Dogo, utacheza kwa kitambulisho cha Fredrick. Nani atajua?"

Huo ni umamluki, dada, kuchezesha mtu asiye mwanafunzi, timu ikikamatwa inafungiwa. Ila tangu nije hapa nakula peke yangu. Nikacheza. Tukashinda. Wakanirukia wote, "Fredrick! Twiga wetu!" Siku hiyo nilikula nao meza moja.

Jana nimerudisha jezi. Kocha akauliza, "Umeogopa, eeh?" Sikuogopa. Siku ya mechi nilimwona Fredrick kakaa benchi na magongo yake, anasikia jina lake linashangiliwa, na hakuna hata mmoja aliyemgeukia.

Sasa wananipita bila salamu. Jumamosi wakifungwa wanatolewa, na watasema ni mie. Fredrick peke yake ndo kanifuata leo uwanjani, akasimama, akauliza, "Oya, kwani wewe unaitwa nani?"

Nikamwambia.

Mdogo wako,
Wilbert