Utani Uliomponza Stanley

Mwankoko,
Singida.
14 Septemba 2011

Mdogo wangu mpendwa Kristina,

Marahaba yako naitoa kabla hujanisalimia, maana najua ukifungua tu karatasi hii utasema shikamoo dada. Mnaendeleaje huko Mtwara? Shemeji mguu wake umepona, au bado anauburuza? Na yule mtoto wa mwisho bado anakohoa? Mpe maji ya moto yenye tangawizi, na usimwache alale kifua wazi kwa sababu ya joto la huko. Korosho nasikia zinakaribia kuokotwa, Mungu awape mikono myepesi.

Sisi huku kwa mwili tu wazima. Mimi mzima, shemeji yako Alute mzima, na wifi Theodora, yule dada yake mkubwa, tunakaa naye ua mmoja kama ulivyotuacha. Presha yake inapanda na kushuka. Upepo wa mwaka huu umetuchosha, mavumbi yanaingia mpaka chunguni, na alizeti hazikujaza hata pembe ya ghala. Lakini hayo si ya kukuandikia barua, kila mwaka tunalia hivyo hivyo.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu yangu haipo, na ya kuazima siiamini. Nampa barua binti wa mchungaji anayerudi chuoni huko kwenu. Nilitaka uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwa watu. Kaa kwanza, ndiyo uendelee kusoma. Mwanao Stanley amekamatwa.

Nilikuambia ana blogu. Ni kama gazeti, ila halina karatasi, watu wanalisoma kwenye kompyuta na kwenye simu. Alikuwa anaandika habari za huku, bei ya vitunguu, mpira, kisima kilichokauka. Baba yake alikuwa akimwuliza ni kazi gani ya kushinda umeinamia kioo. Mimi nilimwona anavyowauliza wazee mambo kwa adabu, nikasema acha afanye.

Basi mgeni mkubwa wa kitaifa alipokuja kuhutubia mjini, ikasemwa safari hii na watu wa blogu watakaa pamoja na waandishi wa magazeti na redio. Stanley akapewa kitambulisho cha kuvaa shingoni. Kristina, shati lake nililipiga pasi mpaka kola ikataka kuungua. Nilikwenda uwanjani si kwa ajili ya mgeni, nilikwenda kumwona mwanangu amekaa mbele chini ya turubai na wenye kamera kubwa. Alinisimulia baadaye kwamba walimwita mhariri wa gazeti la hewani. Mmoja akamwuliza, "Na hilo lako likishasomwa linafungia nini, maandazi au vitumbua?" Stanley akamjibu kwamba lake linafunga midomo ya watu kama yeye. Wakacheka, wakampa soda. Alirudi nayo hiyo habari kama mtu aliyepewa cheti.

Hotuba ilikuwa ndefu. Barabara, maji, umeme, bei za mazao, yote aliyagusa, na watu walishaanza kusinzia kwa jua. Ndipo mgeni akakumbuka kwamba kwao na kwetu ni watani tangu mababu. Akasema kwenye kipaza sauti kwamba ameingia Singida tangu asubuhi hajanusa hata mchuzi wa kuku, watani zake wamekuwa wabahili siku hizi.

Unamjua wifi Theodora kwa utani. Ndiye aliyeingia kaburini kwenye msiba wa mzee Urbano akakataa kutoka mpaka apewe jogoo. Siku hiyo alikuwa amekaa mbele na wazee. Akasimama na fimbo yake, akajibu kwa ile sauti yake ya kuitia ng'ombe:

"Kuku yupo, tumemfungia. Tunangoja tukuzike wewe ndiyo tumle."

Uwanja mzima ulilipuka. Mgeni mwenyewe alicheka mpaka akatoa leso akafuta macho, akamwambia, bibi, wewe ndiye utakayenitangulia, na mimi nitakuja kumla huyo kuku na manyoya yake. Walinzi wake wakacheka, wenye kamera wakacheka. Wifi akakaa, akatengeneza kilemba, ametosheka. Katika hotuba yote ile, hicho ndicho kilichobaki vinywani mwa watu. Hata sokoni walikuwa wanakirudia.

Jioni redio ikasema barabara na maji. Gazeti lilipofika nalo likasema barabara na maji. Stanley akasema hawa wameuacha utamu wote uwanjani, akaandika yeye.

Na hapo ndipo ninapojiuliza mpaka leo. Jina la shangazi yake hakuliweka, maana mtu hamwaniki mkubwa wake mbele ya wasiomjua. Akaandika bibi mmoja. Ile ya mgeni kudai mchuzi wa kuku nayo akaiacha, akaona ni kumvunjia heshima mtu mkubwa kuionyesha dunia nzima kwamba anaomba mboga. Kwamba ni watani hakuandika kabisa, maana nani asiyejua? Kwa hiyo likabaki neno la bibi peke yake, na uwanja mzima unashangilia. Adabu niliyomfundisha mimi ndiyo iliyomtega.

Huku kwetu waliosoma walicheka. Lakini kitu kile hakikai huku. Wenye blogu za mbali wakakichukua, wakakipa kichwa chao wenyewe, kwamba wananchi wa Singida wanangoja kumzika mgeni. Chini yake watu wasio na majina wakamwaga matusi, na wengine wakaandika mambo ya kutisha. Stanley aliporudi kuongeza kwamba ule ni utani, hakuna aliyekuwa na haja ya kusoma. Neno lilishaondoka.

Polisi walimchukua mchana kwenye kibanda anakochapia kazi za watu, watu wakiona. Kompyuta wakabeba, kamera wakabeba, kisha wakaja nyumbani wakachukua na simu yangu kwa sababu aliwahi kuitumia. Wanachomwuliza ni kimoja tu, yule bibi ni nani, na katumwa na chama gani. Naye anajibu kwamba hakumtambua. Mwanamke aliyembeba mgongoni nilipokuwa nimelazwa, aliyemlea kwa uji wa uwele, eti hakumtambua. Na majirani nao wakiulizwa, kila mtu wakati ule alikuwa ameangalia upande mwingine.

Nilikwenda kwa Laurian, yule kijana wa redio aliyekaa karibu na Stanley siku ile. Amekula ugali kwangu si mara moja. Nilijua alirekodi, nikamwomba awapelekee wasikie mgeni mwenyewe anavyocheka, mambo yaishe. Alinitafutia kiti, lakini usoni hakuniangalia.

"Mama, ile sehemu tuliikata," akasema. "Haikuwa habari."

Nikamwuliza, kama haikuwa habari, mwanangu yuko ndani kwa ajili ya nini. Akaniomba kwa sauti ya chini nisije tena kazini kwake. Wale wa magazeti nao waliulizwa, wakasema Stanley si mwandishi, hakusomea, na hawajui kile kitambulisho alikipataje.

Nikuambie na hili, usinihukumu. Nilitaka kumtaja wifi. Nilishavaa viatu. Nilimwambia Alute kwamba mzee kama yule hawatamfunga, watamwuliza tu na kumrudisha. Alute alikuwa anachonga mpini wa jembe, hakuinua kichwa. Akasema, "Scola, yule ndiye aliyenilea. Mtaje, halafu utafute na pa kukaa." Nikavua viatu. Usidhani hampendi mwanawe. Mpini wenyewe aliuchonga mpaka ukawa mwembamba haufai, akautupa.

Theodora tulimficha sababu, lakini kisimani hakuna siri. Alipojua, hakutuaga. Alivaa kitenge chake cha kanisani, akapanda pikipiki, yeye ambaye hata baiskeli anaiogopa, akaenda kituoni akasema bibi mnayemtafuta ni mimi. Akawaeleza kwamba yule mgeni ni mtani wake, wamwulize mwenyewe, walicheka wote. Askari kijana wa pale mezani si mtu wa huku. Alimtazama na fimbo yake, akamwuliza, "Bibi, nani kakufundisha kusema hivi?"

Hakumwamini. Aliona ni mzee aliyetumwa kumwokoa mjukuu. Sasa wameandika kwamba familia inatengeneza mashahidi, na kesi imekuwa nzito kuliko mwanzo. Wifi alirudi kwa miguu, akakaa ukutani na vumbi lake. Aliniambia neno moja tu, kwamba alitaja utani pale mezani na yule kijana akamwuliza kama ni chama kipya.

Tangu siku hiyo hatanii mtu. Jumamosi tulizika hapa jirani. Watani walikuja, wakamchokoza kama kawaida, wakamwambia safari hii shimo limepimwa kwa urefu wake. Akawajibu wamwache marehemu apumzike. Tulizika kimya, kama watu waliokutana stendi.

Wakili hatuna. Yule tuliyeelekezwa alisema mambo ya mtandao hajayazoea, twende mji mkubwa zaidi. Mchungaji anatuombea, ila siku hizi anatuombea bila kutaja jina.

Chakula nilikuwa napeleka mwenyewe. Stanley waliniruhusu kumwona mara moja. Amekonda, midomo imepasuka. Aliniambia nisimwache shangazi aje tena, na baba yake nisimweleze alivyokonda. Hakulalamika. Ningependa angelalamika.

Wiki iliyopita nilifika na ugali na mlenda, wakasema amehamishwa. Wapi, hawakusema. Nikauliza kwa mwingine, akasema nisimsumbue. Nilisimama pale nje mpaka nikaona aibu ya kusimama. Njiani nikakuta mama mmoja na watoto wamekaa kivulini wanangoja gari, nikawapa kile chakula. Nilipoingia uani Theodora alikuwa mlangoni. Akaangalia bakuli, akaniuliza, "Amekula?"

Nikamwambia amekula, ameomba kesho niongeze chumvi.

Basi Kristina, ndiyo kazi yangu sasa. Kila siku napika, nafunga kwenye kitambaa, natoka nacho kama naelekea mjini. Nampa atakayenikuta, narudi na bakuli tupu. Alute anajua, akiniona natoka anageukia ng'ombe. Mwanangu yuko wapi sijui, wala sijui kama amekula, na sina mlango mwingine wa kubisha. Nikisema kweli, Theodora atarudi kule kwa miguu, na safari hii hatafika.

Nisalimie shemeji, na Innocent na Jenifa. Mama mkwe wako mpe shikamoo yangu, mwambie nimemkumbuka. Alute anakusalimu. Wifi Theodora anakusalimu sana, hajui ninachoandika. Ukipata mtu wa kumtuma huku, nakuomba kwa jina la mama yetu, usimpe wifi pole wala usimwulize lolote. Mtumie salamu, umwambie na wewe umesikia Stanley anakula.

Mungu awafunike nyumba nzima, awape usingizi uliotukimbia sisi.

Dada yako akupendaye,
Scola