Nimemtangaza Mwenyekiti Ambaye Hakuchaguliwa

Mshauri wangu, nishike mkono jamani, domo langu limeniponza na sina pa kuuweka uso.

Mimi ndiye napika chai makao makuu ya Baraza la Maaskofu, mwaka wa kumi na nne huu, wananiita Mama Birika nami naitika. Juzi walikuwa na mkutano wao mkuu, maaskofu wote wa nchi wamejaa ukumbini wanachagua mwenyekiti kwa kura za siri, na padri katibu mkuu, ndiye bosi wetu wafanyakazi, alishatuonya, "Ya ukumbini yaishie ukumbini," haya, mimi naingia na birika, naona ubaoni askofu wa jimbo letu ana kura kumi na mbili, wa pili tisa, wa tatu nane, weee, nikatoka mbio nikampigia wifi yangu, kiongozi wa akina mama parokiani, "Wifi, piga vigelegele! Askofu wetu ndiye mkubwa wa maaskofu wote, hata yule paroko mkali wa jimbo la jirani sasa atamhamisha!" Na wifi hajui kunong'ona. Kufika saa ya chakula, basi limeshakodiwa, wimbo umetungwa, Jumamosi wanakuja kumchukua kwa shangwe.

Narudi kukusanya vikombe, kumbe wamepiga kura tena na amepita yule wa kura tisa! Askofu wetu mwenyewe ana raha zake, kapita jikoni anacheka, "Mama Birika, nimeponea chupuchupu, narudi kwa watu wangu." Sasa wifi nimwambie nini? Na katibu mkuu akijua, si nitalikabidhi birika? Kazi hii naipenda, mshauri.

Mama Birika

JIBU

Mama Birika, umenichekesha, lakini nakugombeza vilevile. Kumi na mbili kati ya ishirini na tisa hata nusu haifiki, ndiyo maana walirudia. Na hata angepita, mwenyekiti anaongoza vikao na kulisemea Baraza, basi. Hana ubavu wa kuhamisha paroko wa mwenzake. Kila askofu na jimbo lake, kama wewe na jiko lako. Wifi akija kukupangulia masufuria utamkubalia?

Leo hii mpigie, useme, "Nilikosea," usiusingizie ubao. Kisha nenda kwa katibu mkuu kwa miguu yako mwenyewe, kabla basi halijaingia getini. Atafoka. Mwache afoke, usijitetee. Ukijileta, una pa kuombea msamaha, ukiletwa, huna.

Na basi lije! Watoe "mwenyekiti" kwenye wimbo, waweke "baba yetu". Mlidhani mmempeleka juu, kumbe mmerudishiwa, na mwenyewe anacheka. Hiyo si shangwe ya kutosha?

Uchaguzi ujao, mama, mimina chai ukitazama vikombe.