Kabla Mama Hajapanda Gari Lako

Ngarenaro, Arusha
Jumapili, baada ya misa

Mdogo wangu Deo,

Shikamoo yako niliiona kwenye mstari wa kwanza wa ujumbe wako, nami naiitikia: marahaba. Hayo mengine uliyoandika chini yake siyaitikii. Mimi ni mzima, mwili unafanya kazi na chakula kinashuka. Natumaini shemeji Restituta hajambo na mimba yake inakwenda salama, na kwamba kahawa ya Mbinga mwaka huu haijaguswa na ule ugonjwa wa majani. Mama nimeongea naye mwenyewe, kwa hiyo habari za magoti yake ninazo. Maneno mengine aliyoniambia utayakuta huko mbele.

Naandika kwenye karatasi kwa sababu simu imeshindikana. Jumatatu nilikupigia ukasema uko na abiria. Jumanne nikapiga tena, nilipofika kwenye neno breki ukadai mtandao unakatika, wakati sauti yako naisikia kama umekaa jikoni kwangu. Mara ya tatu ulikata kabisa. Mimi kaka yako, niliyekufundisha kushika spana kabla hujajua kufunga kamba za viatu, unanikatia simu. Karatasi haikatwi, Deo. Unaweza kuichana, lakini nakujua, utaisoma kwanza.

Uliniuliza kama ujenge mwenyewe springi za kuinua gari au ununue seti iliyo tayari. Swali zuri, na fundi mwenye akili lazima ajiulize. Lakini chini ya swali ukaweka picha ya gari ambalo tayari limeinuliwa, limesimama juu kama mbuzi kwenye mwamba, na Mama yuko pembeni na kitenge chake cha kanisani anacheka. Kwa hiyo hukuniuliza. Ulitaka nikupigie makofi. Umeshakata chuma ndipo unaomba ushauri, na kaka yako mjinga huku aliyeacha kazi kukuandikia ukurasa mzima wa majibu siku hiyohiyo, kabla hajaitazama picha vizuri, ndiye unayemkatia simu.

Nilivyoitazama vizuri, chai ilinishinda kunywa. Sina neno na springi zako. Naona umechukua majani ya springi za lori bovu, umeyapinda baridi kwa nyundo, hukuyachoma moto wala kuyachomelea. Hapo ulikumbuka nilivyokufundisha. Lakini angalia nyuma ya gurudumu la kulia, katikati ya chesi, ile fremu ya chini, na ekseli. Kile kimpira cheusi kinachopeleka mafuta ya breki nyuma, hozi, umekiacha kilekile cha zamani. Gari limepanda juu, hozi haijarefuka. Kwenye picha imevutika kama kamba ya mbuzi anayetaka kukimbia, na hapo gari limesimama kwenye tambarare. Siku gurudumu litakaponing'inia kwenye korongo lolote la njia ya kwetu, itakatika. Ndicho nilichokuwa nakuambia Jumanne ulipopotelewa na mtandao.

Usiniambie kaka anatishia. Ngoja nikueleze kilichotokea huku, halafu ukasirike ukipenda, mimi nimeshakasirika kwa niaba yetu wote.

Unamkumbuka Mzee Anaeli, nilishakutajia. Ni fundi springi hapa Ngarenaro, Mmeru wa kule mlimani, mzee wa kanisa la Kilutheri. Alfajiri yuko kwenye kahawa na migomba yake, saa tatu yuko gereji. Ndiye aliyenipokea nilipofika mji huu sijui hata kama Julai yake inahitaji koti. Hata baada ya mimi kupata kazi kwenye kampuni ya watalii, magari yetu tunayapeleka kwake.

Gereji yake ina sharti moja. Aliyefunga springi ndiye anayekaa kiti cha nyuma kabisa, juu ya ekseli, gari likienda kujaribiwa. Haendeshi. Mwenye usukani ana kitu cha kushika, aliyekaa nyuma ana mgongo wake tu. Na kabla hajapanda, hupita chini ya gari na chaki, kila alipokagua anaweka alama. Nilipokuwa mgeni niliona ni mambo ya wazee. Baadaye nikaelewa. Mtu anayejua kwamba mifupa yake itakaa pale hakagui kwa kuchungulia.

Basi gari letu moja la watalii, lile refu, lilianza kukaa chini nyuma. Mzee Anaeli akasema tulijenge: tutoe majani yaliyokufa, tuongeze mengine mawili, gari lipimwe likiwa limeshiba, na maji yake, friji yake na watu wake. Mimi nikawa upande wake. Meneja wetu, Gasper, akasema hapana, dunia imeendelea, tununue seti ya kuinua gari. Kaja na boksi lenye stika za rangi, springi zinang'aa, shokapu nene kama mkono wa mchinjaji. Mzee akamuuliza kama huwa ananunua viatu bila kupeleka mguu. Gasper akacheka na kusema mafundi wa Ngarenaro wangepewa nafasi wangejenga hata ndege kwa vyuma chakavu. Alisema hivyo mbele ya mzee aliyekuwa anapinda chuma kabla yeye hajazaliwa.

Nilikasirika, Deo, na hasira yenyewe haijaisha mpaka leo. Tuligombana siku nne. Kujenga, kununua, kujenga, kununua. Gereji nzima ilikuwa na upande, hata mama anayetuletea chai na maandazi alikuwa na upande. Siku nne tulizungumza habari za springi, na hakuna hata kichwa kimoja kati ya vyote vile kilichokumbuka kwamba gari likipanda juu lina kitu kingine chini kinachotakiwa kurefuka. Fahali wawili wakipigana nyasi ndizo zinazoumia, na mimi nilikuwa fahali mmoja wao.

Mwisho meneja ni meneja. Nikaambiwa nifunge seti yake. Nikaifunga, lakini nikiwa nimenuna. Kila bolti niliyokaza nilikuwa naikaza kwa kisirani, nikijiambia ikishindwa ndiyo vizuri, itamfundisha adabu. Na nikiri hapa kabla hujanichekea: zile springi zilikuwa nzuri. Kama lingekuwa suala la springi tu, Gasper hakukosea.

Tulipomaliza nikamwambia Gasper aliyeinunua ndiye aikalie, apande nyuma. Akatazama saa yake, akasema ana kikao Kijenge, akaondoka zake. Nami kwa ujeuri nikasema basi na mimi sikai, nikachukua ufunguo na kukaa kwenye usukani. Mzee Anaeli akaniuliza kama nimepita chini na chaki.

Nikamwambia nimepita.

Sikuwa nimepita, Deo. Chaki ilikuwa mfukoni mwangu, haijaguswa. Sijamwambia mtu yeyote neno hili zaidi ya mzee mwenyewe na padre, na sasa wewe. Nilidanganya kwa sababu nilikuwa nimenuna na nilijua si mgongo wangu utakaokaa pale.

Mzee akafuta mikono, akapanda kiti cha nyuma. Nikamwambia ashuke, seti si yake, yeye ndiye aliyeipinga kuliko wote. Akanijibu, "Gari haijui nani alishinda mabishano. Lazima mtu akae nyuma asikilize." Basi tukaenda.

Tulipanda Olmotonyi, njia ya msituni inayopita kwenye misonobari, ndiko tunakojaribia magari siku zote. Kupanda lilikwenda vizuri kabisa, likinyanyuka na kutua taratibu, hata nikaona wivu. Juu tukageuza. Kwenye korongo la kwanza la kushuka gurudumu la nyuma lilining'inia hewani, nikasikia mlio mdogo tu, kama mtu amekata uzi kwa meno. Mbele yake ni mteremko mrefu wa udongo mweusi. Nikakanyaga breki, pedali ikazama. Za mbele zilishika kidogo, hazikutosha gari zito namna ile. Nikashusha gia mpaka ya kwanza, bado linakwenda, na chini kuna kona na bonde. Nikalikumbatisha na ukingo wa kulia. Ndipo liliposimama.

Mimi nilitoka na mchubuko wa kidevu. Mzee Anaeli alirushwa katikati ya viti, bega la kulia likavunjika, bega la nyundo. Nilipombeba kumtoa hakulalamika. Aliniomba tu nimwokotee kofia yake.

Gasper alipoandika taarifa yake aliweka maneno matatu: uzembe wa fundi. Nilitaka kumfuata ofisini nimkunje. Mpaka leo nikimwona na funguo zake zinaning'inia kidoleni damu inachemka, kwa sababu yule aliyekimbilia kikaoni ndiye anayesaini uzembe wa wengine. Lakini kinachonichoma zaidi ni kwamba maneno yale ni ya kweli. Hasira yenye makosa yako ndani yake haina pa kutokea, mdogo wangu.

Wiki iliyopita nilipanda mlimani kumwona. Nilimkuta amekaa nje ya nyumba yake, mkono umefungwa kifuani, mkewe anapalilia migomba peke yake. Daktari amemwambia mfupa utaunga lakini nyundo nzito asahau. Nikamweleza habari ya chaki. Nilitarajia anitukane, na ningefurahi. Akasema, "Festo, mimi gari haijaniumiza. Kununa kwako ndiyo kumeniumiza." Akaita tuletewe chai. Niliinywa, sikusikia ladha yake.

Ndipo nikamwonyesha picha yako, nikidhani atasifia springi. Alizisifia kweli, alisema mdogo wako ana mkono. Halafu akaweka kidole palepale nilipokuwa nimeshapaona, akauliza huyu mama anayecheka ni nani.

Nilirudi mjini nikampigia Mama. Nilimwambia asipande gari lako kwenda kliniki mpaka niseme mimi. Nilimwambia nikiwa na ukali ambao mtoto hapaswi kuwa nao kwa mzazi, na utaniombea radhi huko. Unajua alinijibu nini? Alisema, "Watu wa hapa wanaliogopa hilo gari kwa sababu liko juu. Nisipopanda mimi, nani atapanda gari la mwanangu?"

Umesikia? Mama mwenye magoti yale, anayepandishwa kwa kusukumwa, anakaa kwenye gari lako kila wiki ya kliniki ili majirani waone ni salama. Anajua kama nijuavyo mimi kwamba bila abiria utarudi kushika jembe, na mtoto yuko njiani. Hajui hozi ni nini. Anachojua ni kwamba ni wewe uliyelitengeneza. Mzee Anaeli alinikalia nyuma kwa namna hiyohiyo, na mimi nilimdanganya. Wewe hujamdanganya Mama kwa maneno, umemdanganya kwa kutokuchungulia. Hapo ndipo nilipokasirika kweli, na sijui nilikuwa namkasirikia nani zaidi, wewe au mimi.

Kujenga au kununua, jibu langu ni hili: shauri yako. Ulijenga, umejenga vizuri, acha zikae. Ila pamoja na barua hii, kwenye kifurushi cha basi, kuna hozi mbili ndefu. Sikuzichagua mimi. Mzee Anaeli alishuka mjini na bega lake bovu, akazipima kwa mkono wa kushoto, akazikunja mara nyingi akitafuta ufa, akasema hizi mpelekee. Nimeweka na kipande cha chaki. Ni kile kilichokuwa mfukoni mwangu siku ile.

Dada yetu Yustina nimeshamwambia kliniki ya wiki hii Mama aende na gari la parokia, na kwamba ukileta ubishi aniite, nitakuja Mbinga kwa basi hata kama ni safari ya siku mbili na nitakufuata chini ya gari lako. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na mimi nimekuchelea tangu Baba alipofariki.

Nisalimie Mama, mwambie magoti ayapake ile dawa niliyotuma, asiiweke kabatini kama mapambo. Msalimie shemeji, na asibebe maji. Mjomba anayetulimia ngoro zetu, yale mashimo ya shamba la mlimani, mpe salamu za heshima na umwambie jembe aliloniagiza ninalo, litakuja. Dada Yustina mwambie ahsante kwa kunisikiliza wakati wewe hukutaka.

Ukishafunga hozi, pita chini na chaki. Kisha mpe rafiki yako usukani, panda wewe kiti cha nyuma kabisa, mshuke kutoka nyumbani mpaka mtoni na mrudi. Ukishuka ukiwa mzima, mfungulie Mama mlango.

Ni mimi kaka yako ambaye bado amekasirika,

Festo