Maji ya Boma

Jumatatu, 2 Juni
Mkaa tena. Nimesugua mpaka beseni jeusi na fizi zinatoa damu. Meno yako vilevile, kahawia. Send-off yangu Jumamosi. Neema, dada wa mchumba wangu, alishanipa ushauri mbele za watu: "Wifi, siku hiyo ucheke umefunga mdomo, usituharibie picha." Wakacheka. Elia naye akacheka. Mchumba gani huyo! Wao ni wa Machame, maji yao ya mlimani, meno meupe hadi bibi yao.

Jumanne, 3 Juni
Ndimu na magadi, yaleyale ya kupikia maharage. Jirani yangu hapa Rau aliapa yanang'arisha. Yameng'arisha nini? Chai imenitoa machozi.

Jumatano, 4 Juni
Nimeenda sokoni Bomang'ombe, kwetu Boma, kwa mama mmoja wa saluni. Chupa haina hata lebo. Inanuka kama maji ya betri. Nikapaka hivyohivyo. Mjinga mimi. Fizi zimekuwa nyeupe, sasa zinachubuka. Hata uji haupiti.

Alhamisi, 5 Juni
Daktari wa meno, mjini. Kanigombeza kama mtoto. Rangi haiko juu ya jino, imo ndani. Ni floraidi, madini yaliyomo kwenye maji niliyokunywa utotoni, meno yakiwa bado yanajiunda. Na magadi nayo yana hiyohiyo! Nimejisugua na kilichoniharibu. Ndimu na ile chupa vimekula ngozi ya jino. Ningemwona mapema, angenipaka dawa iliyopimwa, taratibu, fizi zikiwa zimekingwa, na yaliyokolea angeyafunika. Sasa mpaka vidonda vipone. Jumamosi nisahau.

Ijumaa, 6 Juni
Niko nyumbani Boma. Mama kaniuliza mdomo umefanya nini. Hasira zikanipanda. Nikamwambia ni maji yako, wewe ndiye uliyeninywesha. Akarudi jikoni.
Kisima kilikuwa mbali. Ndoo kichwani mwake, mimi mgongoni. Nilijua, na bado nikasema.

Jumamosi, 7 Juni
Ndafu ikaingia, mbuzi mzima wa kuchoma, vigelegele. Nikamlisha mama mkwe, naye akanilisha. Pande la paja, lina moto. Likagusa jino, nikaona nyota mchana. Kutema mbele ya wakwe ni kuwatukana. Nikalimeza zima, machozi yananitoka, watu wakadhani ni furaha. Neema akaninyooshea dole gumba kwa kuwa nimefunga mdomo. Mshenzi.

Jumatatu, 9 Juni
Picha zimeingia kwenye simu. Nimetoka vizuri. Wanasema nina haya, binti wa heshima.
Mama ana meno kama yangu, kahawia tupu. Hakuna sherehe ya ukoo ambayo hakucheka mpaka jino la mwisho lionekane. Watu humjua kwa kicheko hicho.
Nimezipitia picha zote, kisha nikazirudia. Kila picha aliyomo Mama, ameziba mdomo kwa kitenge.