Binti Yangu Ameficha Rimoti ya Droni

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ingawa tukisema ukweli msaada siuhitaji mimi, anauhitaji binti yangu, ila yeye hawezi kukuandikia kwa kuwa anajiona ana akili, basi namwandikia mimi baba yake, nawe umjibu humu humu gazetini kwa herufi kubwa, maana gazeti hili analisoma, naliona limekunjwa mezani kwake kila nikienda.

Shule mimi niliiacha mapema na sijutii, kwa sababu wale walioendelea nayo nilikuja kuwakuta kwenye majengo wananitazama kutoka chini, midomo wazi kama makinda. Nimeendesha kreni maisha yangu yote ya kazi. Ukiona jengo refu limesimama wima jua kuna mkono wangu pale. Wenzangu waliniita Usipime, jina sikujipa mwenyewe ingawa sikulikataa. Nimeinua nondo, nimeinua zege, nimeinua mabafu ya matajiri nikayapitisha kati ya jengo na jengo kwenye mwanya mwembamba kama pengo la jino, na sikuwahi kugonga kitu, uliza yeyote, hata njiwa sikumgusa. Chini alikuwepo jamaa mmoja mnene na kofia yake ya plastiki, kazi yake kunipungia mikono, lete, shusha, simama, na mpaka leo sijui yule mtu alikuwa analipwa kwa lipi.

Sasa binti yangu kazi yake ni kupiga picha nyumba zinazouzwa. Madalali wanamwita, anarusha droni, kile kidude chenye mapanga manne na kamera tumboni, kinapanda juu kinaonyesha bati, ua, kisima, mnunuzi anajionea yote kwenye simu bila kuchafua viatu. Kazi zilipomzidi akaniambia, "Baba, nisaidie kurusha, mimi nitapiga za ndani." Nikakubali kumsaidia. Akataka kwanza anifundishe. Mimi! Ile rimoti ina vijiti viwili vya kusukuma kwa vidole gumba, na kreni yangu ilikuwa na vijiti viwili vile vile ila vya kiume, sasa nifundishwe nini, kuku hufundishwa kuchakura?

Jambo la kwanza nililogundua, kidude kile kina ubishi. Kina vijicho ubavuni, kikikaribia mti kinalia tii tii tii kisha kinasimama hewani chenyewe, hata usukume kijiti vipi hakiendi. Nikasema, kitu kilichozaliwa juzi kiniambie mimi simama? Nikatafuta kwenye skrini mahali pa kuvizima, nikavizima vyote, kukawa kimya, tukaelewana.

Nyumba ya kwanza nilitaka iingie yote kwenye picha pamoja na geti lake, nikawa nakirudisha kidude nyuma, nyuma, nyuma, macho yangu kwenye skrini, picha inazidi kupendeza, mara skrini ikajaa majani. Kumbe nyuma kulikuwa na mti. Sasa nakuuliza, nani anapanda mti nyuma ya mpiga picha? Hilo nalo ni kosa langu?

Nyumba ya pili ilikuwa ni waya wa simu. Kwa macho yangu haya niliona kidude kimeshaupita zamani, nikakishusha kwa raha zangu, kumbe kilikuwa bado hakijaupita, kikajinasa pale kama panzi kwenye utando wa buibui. Dalali akacheka akaniuliza, "Mzee, umekianika?" Nikamwambia, "Funga mdomo wewe, umewahi kurusha nini zaidi ya uongo?"

Ya tatu ndiyo iliyoleta maneno. Nyumba ilikuwa ya ghorofa, kidude nimekipeleka nyuma yake, betri ikaanza kulalamika, nikabonyeza kile kitufe cha kukirudisha nyumbani, yaani kirudi chenyewe kilipoanzia. Binti alikuwa amekipangia kirudi kwa kupanda juu sana kwanza, nami nilikuwa nimeshamrekebishia, nikapunguza, kwa nini kimalize betri kwa kupanda mbinguni kama malaika? Basi kikaja moja kwa moja, na katikati yetu kuna nyumba yenyewe, kikagonga kona ya roshani, kikaporomoka uani, alipokuwa ameketi mke wa mwenye nyumba na mtoto wake mchanga kifuani. Kilianguka kando ya kiti, mshauri, kando! Hakikumgusa hata ukucha. Nikamwambia kwa upole kabisa, "Mama, si umepona?" Ndiyo kwanza akazidi kupiga kelele, watu wakajaa.

Binti yangu akapiga magoti mbele ya yule mama kuomba msamaha, mimi baba mzima nimesimama hapo natazama. Akaokota vipande. Akanirudisha kwa gari mpaka mlangoni kwangu, ndipo akaniambia, "Baba, sasa upumzike." Mshauri, nipumzike! Hilo si neno la makaburini hilo?

Kidude kimeshatengenezwa. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ana kazi kubwa kuliko zote, kiwanda cha zamani kinauzwa, kina bomba la moshi refu na nyaya kila upande, kazi ya mwanamume kabisa, na rimoti ameificha. Nimeitafuta kabatini kwake, chini ya godoro, hata kwenye pipa la unga. Anasema atamtafuta mtu mwingine wa kumsaidia, na huyo mtu mpaka leo hajaonekana, atatoka wapi kama mimi? Tangu siku ile akinipigia simu anaomba kuongea na mama yake. Na huyo mama yake badala ya kunitetea ananiambia, "Mume wangu, kwani lazima urushe peke yako? Niite nije nikuangalizie." Aniangalizie nini, na miwani yake ile!

Mwambie binti anipe rimoti kabla ya Jumamosi hiyo. Mwambie mzazi hafichwi kitu. Akikataa nitahamia kwa mdogo wangu, na huko hatanipata kwa simu wala kwa barua.

Ni mimi,
Usipime


MSHAURI ANAJIBU

Mzee Usipime, shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa chini ya meza, kwa tahadhari tu.

Pole kwanza, na pole hii ni ya kweli. Mtu aliyezoea kutazamwa kutoka chini, leo anaambiwa apumzike, tena na mtoto aliyemlea mwenyewe, akipigiwa simu ni ya mama. Hilo linauma na silicheki. Mengine yote uliyoniandikia nimeyacheka, na naomba radhi.

Umeuliza nani anapanda mti nyuma ya mpiga picha. Mzee wangu, mti ule ulikuwepo kabla ya droni, kabla ya geti, na kabla ya dalali kujifunza uongo. Haukutoka kwake kuja kukugonga. Wewe ndiye uliyeufuata kinyumenyume, macho umeyazamisha kwenye picha nzuri. Na vile vijicho, kidude kilikulilia kwa sauti yake yote kwamba mbele kuna hatari, wewe ukakifumba macho, halafu kikagonga roshani ukashangaa kwa nini hakioni. Kwa kweli ni maajabu.

Nilimpelekea fundi mmoja wa droni barua yako. Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Aliposoma mpaka penye yule mama na mtoto wake akaacha kucheka, akanirudishia karatasi. Mapanga yale yakizunguka yanachana nyama, mzee, na mtoto mchanga hana kofia ya plastiki. "Kando" unayojivunia ni bahati, wala hukuilenga. Ungekuwa ulikilenga kiti ukakikosa, ningekusifu kidogo. Binti yako alipopiga magoti pale, magoti yale yalikuwa ya kwako. Amekuazima yake.

Sasa tuje kwa yule jamaa mnene. Unasema hujui alilipwa kwa lipi. Alilipwa ili wewe uitwe Usipime. Yeye ndiye aliyeona ulichokuwa huoni, akakupungia simama, nawe ulikuwa unasimama, tena bila kumuuliza amezaliwa lini. Ulikuwa juu, njia imeshasafishwa, mtu wa pili anakuonea. Leo uko chini unatazama juu, na kutoka chini waya ulio mbele ya kidude na ulio nyuma yake ni pacha, hakuna jicho la binadamu linalowatenganisha, hata liwe limeinua mabafu ya matajiri wa dunia nzima. Na mke wako, mwenye miwani na akili zake timamu, anajitolea kuwa jicho la pili, unamfukuza. Miwani, mzee wangu, huvaliwa na mtu aliyekubali kwamba haoni vizuri. Wewe bado hujafikia darasa hilo.

Rimoti sitakuombea. Fanya hivi.

Leo hii, kabla ya chai ya jioni, nenda kwa yule mama. Usiende na binti, nenda mwenyewe. Piga hodi, sema, "Mama, nimekuja kuomba msamaha, mimi ndiye niliyekuwa narusha." Kisha unyamaze. Neno "lakini" liache nyumbani. Na ukiona ulimi unaelekea kwenye kreni, uume.

Ukitoka huko nenda kwa binti yako, na pipa la unga uliache salama. Mwambie umetoka wapi. Mwombe akupeleke kwenye hicho kiwanda mapema, droni ibaki nyumbani, mtembee kwa miguu kukizunguka chote, vichwa juu. Kila waya, kila nguzo, kila kamba ya chuma inayoshikilia lile bomba la moshi muitazame kutoka pande zote, kwa sababu fundi ananiambia vijicho vya kidude huona ukuta na mti, lakini waya mwembamba huvipita. Muulizane kirefu kuliko vyote ni kipi, na ile safari ya kurudi nyumbani ipangwe juu ya hicho, malaika wasikasirike. Macho ya kidude yawashwe yote. Kikisimama, ujue kimeona usichokiona. Kisirudishwe nyuma mahali ambapo hakijapita kikitazama mbele. Anayekirusha akitazama skrini, mwingine akitazame kidude. Na chini yake asikae mtu, awe mama, awe mlinzi, awe hata yule dalali, ingawa kwa dalali naelewa kishawishi.

Jumamosi rimoti ashike binti. Ndiyo, nimesikia umeguna. Mama yake akae upande mmoja wa kiwanda na miwani yake. Ukishapitisha kazi kadhaa bila kushika rimoti wala kununa, binti mwenyewe atakuambia, "Baba, shika kidogo," na hapo umruhusu akufundishe, kwa sababu kuku nao wapo waliochakura mpaka wakajifukia.

Kuhusu kuhamia kwa mdogo wako, sikuzuii, ila niambie huyo mdogo wako amekosa nini.

Na kabla hujanung'unika kwamba binti anakudharau, fikiri polepole. Mji mzima umejaa watu wa kurusha droni. Wanabandika matangazo kwenye kila nguzo, zikiwemo zinazobeba ule waya uliokunasa. Kazi ni kubwa kuliko zote, siku zinakwisha, na huyu binti mwenye akili zake "hajapata mtu." Wewe umeamua ni kwa sababu hakuna kama wewe. Mimi nasema hajatafuta. Anangoja baba yake aje na maneno mawili ya kistaarabu, na wewe unamtafutia rimoti chini ya godoro.

Basi nenda. Jumamosi usimame nyuma ya kiwanda, upande ambao binti hauoni, na kidude kikiukaribia waya upige kelele "Simama!" kwa nguvu zako zote. Kwa upande wa sauti, mzee wangu, sina wasiwasi nawe hata kidogo. Barua yako ilikuwa ya maandishi tu, na majirani zangu wameisikia.