Maziwa ya Nyumba ya Yotamu

Ilomba, Mbeya,
11 Machi 1956.

Mpendwa kaka Saulo,

Ugonile, kaka. Nakusalimu katika jina la Bwana, wewe na wenzako wa huko Iringa. Kifua chako kimepona? Ulisema moshi wa kukaushia tumbaku unakukereketa. Sisi tu wazima. Mvua ni nzuri na mahindi yameanza kutoa mbelewele.

Uliuliza kwa nini nilinyamaza muda mrefu. Habari za nyumbani zilikuwa haziandikiki. Sasa zinaandikika.

Unajua kwamba tulipokwisha kumzika baba, ndugu zetu Yotamu na Ezekia waligombea mifugo. Wazee wakawagawia: kila mmoja maksai mmoja, na ng'ombe wa maziwa akaenda kwa Yotamu kwa kuwa ndiye mkubwa. Wakaacha kusemezana, wakawakataza na wake zao. Lakini maksai mmoja havuti plau. Wote wawili wakarudi kwenye jembe la mkono, wakalima vipande tu, na mavuno ya mwaka jana yakaisha mapema.

Ezekia akaenda Makongolosi kutafuta dhahabu. Alimwacha Marta ana mimba, na mtoto wao Eliezeri ameachishwa ziwa, anakula uji mtupu. Nilipowatembelea mwezi wa Septemba, miguu ya mtoto ilikuwa imevimba, nywele zimekuwa nyekundu, hachezi wala halii. Majirani walisema amerogwa. Wengine walimtaja wifi Evarista, mke wa Yotamu, kwa sababu ni mgeni kutoka huko Iringa, tena Mkatoliki. Marta akaamini.

Nilimbeba mtoto mgongoni, tukaenda na mama yake hospitali. Dresa, yule mtibabu wa pale, alimtazama akasema hakuna uchawi, huu ni ugonjwa wa chakula. Apewe maziwa na maharage. Akamuuliza Marta kama nyumbani hakuna maziwa.

"Yapo," Marta akajibu. "Ila si yetu."

Zile nyumba mbili unazijua, kaka. Kuku wa huku hutaga kule.

Tuliporudi nikapitia kwa Evarista, nikamweleza neno la dresa na jibu la Marta, kama yalivyosemwa. Alikamua, akajaza kibuyu, akavuka ua mume wake akimwangalia. Marta alisita kupokea, kwa ajili ya yale maneno ya uchawi. Evarista akanywa yeye kwanza, kisha akamnywesha mtoto.

Jioni Yotamu alimkemea mbele yangu. Evarista akamwambia, "Ng'ombe ni wa baba yenu, na mtoto ni damu ya baba yenu. Mimi ndiye mgeni hapa, na mimi ndiye ninayempelekea."

Yotamu akatoka nje. Hakumkataza tena. Kuanzia hapo maziwa yalivuka ua kila asubuhi, na baadaye maharage pia.

Ezekia alirudi Desemba, mikono mitupu, amekondeshwa na homa. Alimkuta mwanawe anafukuza mbuzi. Marta alimweleza yote. Kesho yake alimfungua maksai wake, akampeleka uani kwa Yotamu, akasimama naye pale. Yotamu akaenda kuleta nira. Walimaliza mashamba yote mawili kabla ya Krismasi.

Marta amejifungua binti, salama. Evarista ndiye aliyemkanda, na anampikia hadi leo.

Usidhani wamepatana kwa maneno. Mambo ya urithi hayajaguswa. Wakikaa pamoja huzungumzia mvua. Lakini Jumamosi iliyopita nilimkuta Yotamu ameketi kwenye kigoda, ameinamisha shingo, na Ezekia amesimama nyuma yake akimnyoa kwa wembe. Nikapita taratibu, nisiwashtue.

Wote wanakusalimu: Yotamu na Evarista, Ezekia na Marta, na Eliezeri anayetaka kujua kama Iringa kuna simba. Mungu akulinde katika kazi yako na akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,

Tusekile