Wimbo Waliomzikia Baba

Shangazi Lavinia,

Huku Brisbane sijambo. Jumamosi niliimba sokoni, nikauza nyimbo nilizojirekodia jikoni. Mama mmoja akauliza, "Huyo unayemwimbia ni binti wa nani?" Nikamjibu, "Si binti, mama. Ni mume wangu, Tevita." Akacheka, akanunua.

Mazishi ya Baba niliyatazama kwenye simu, nimejifunga mkeka wa msiba kiunoni kama desturi yetu ya visiwani. Kaka alishanionya, "Baki hukohuko na mumeo, usituaibishe." Nawe dada wa marehemu, ambaye Tonga nzima hakuna wa kwetu athubutuye kukubishia, ulikaa upande wa kichwa chake, mahali pa heshima. Neno lako moja lingenileta. Ulinyamaza.

Kisha kwaya ikaimba wimbo niliowatungia kabla hawajanifukuza.

Wimbo umewafaa, Shangazi. Mimi je?

Mwanao wa kiume, kama bado waniita hivyo,
Semisi